Nyumba Iliyofuata Chombo

Siku ya tatu tangu wang'oe nanga katika bandari ya Dobo, Tamrin mpishi alikuwa amechuchumaa nyuma ya chombo akisugua sufuria ya mahindi kwa mchanga na maji ya chumvi alipoiona nyumba ya nahodha ikija. Bado ilikuwa mbali. Akamaliza kwanza kukwangua ukoko, akasuuza, akaiegemeza sufuria ikauke, ndipo akaenda mbele alikokuwa nahodha Sangkala akikagua kamba za tanga dogo.

"Nahodha, nyumba yako inakuja."

"Nyumba ipi?"

"Kwani unazo ngapi?"

Sangkala akachukua darubini akaenda nyuma. Ilikuwa nyumba yake kweli, au tuseme nyumba aliyolala kila alipokuwa kijijini kwao Bira, kwa kuwa kule nyumba ni ya mke, na hii mkewe Saharia alijengewa na baba yake kabla hata posa haijaja. Paa lilikuwa la makuti, na kiraka cha bati upande wa magharibi. Nguzo zilikuwa tisa. Ngazi ilikuwa na vipago saba, vitatu vya chini vikiwa majini. Saharia alikuwa barazani akianika nguo. Mama yake, Bi Bondeng, alikuwa ameketi mlangoni akitafuna tambuu, na jogoo alikuwa juu ya paa. Nyumba ilikuja wima, bila kuyumba sana, kila nguzo ikisukuma povu dogo mbele yake. Kufikia adhuhuri ilikuwa imebakiza kama pima mia mbili kukifikia chombo. Hapo ikaacha kukaribia. Chombo kilipoongeza mwendo, nayo iliongeza. Tanga lilipolegezwa, nayo ilipunguza.

Mabaharia walikuwa sita bila kumhesabu nahodha. Waliitazama kwa muda wa kuvuta sigara moja ya karafuu, kisha wakarudi kazini, maana zamu ya kufua maji ilikuwa imefika na ubao wa tatu upande wa kushoto ulikuwa unavuja. Aliyesema neno ni Rabaking peke yake, mshika usukani, ambaye alitahiriwa siku moja pamoja na Sangkala na hakuwa na sababu ya kumwogopa.

"Umekichukua, siyo?" akauliza.

Sangkala alipeleka mkono kiunoni, akaurudisha.

Watu wa Bira wakiunda chombo huanza kwa kukata ncha mbili za mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo chote, na fundi hapumziki mpaka msumeno umetoka upande wa pili. Kipande cha mbele hutupwa baharini. Hicho ni mume. Kipande cha nyuma hufungwa kwa kitambaa cheupe, fundi akakipeleka mwenyewe nyumbani kwa nahodha na kukitia mkononi mwa mke, naye mke hukitundika darini, penye nguzo ya katikati. Hicho ni mke anayesubiri. Hakiguswi tena mpaka chombo chenyewe kivunjwe. Kipande cha chombo cha Sangkala, kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, kilikuwa kimetundikwa miaka minne, na vumbi lake lilikuwa la miaka minne. Asubuhi ya kuondoka, Saharia alipokwenda kisimani, Sangkala alipanda darini, akakitungua, akakichomeka kiunoni chini ya saruni.

Hakuwa na sababu ambayo angeweza kumwambia mtu. Mwaka uliotangulia alirudi kutoka safari ya miezi minane akakuta paa limezibwa kwa bati. Akauliza nani aliyeziba. Saharia akasema amepanda mwenyewe. Sangkala naye akapanda, akakagua misumari. Ilikuwa imepigwa sawasawa, hakuna hata mmoja uliopinda. Alikaa na ile misumari kichwani mwaka mzima. Aliiwaza akila, akiswali, akiwa bandarini watu wakimwita jina lake mara tatu. Mwishowe aliona kwamba mke anayetundikwa darini yuko mbali mno, na kwamba afadhali awe karibu, mahali ambapo mkono wa mumewe unafika.

Jinsi nyumba ilivyosafiri walikuja kuelezwa na Bi Bondeng mwenyewe. Ilianza kucheza siku ileile. Ilichukua miezi kuzing'oa nguzo kutoka juu ya mawe yake, moja baada ya nyingine, kisha ikangoja kikohozi cha Bi Bondeng kipungue. Iliingia majini siku ya Alhamisi, baada ya kufua nguo. Penye visiwa vya Banda ilipotea kidogo, ikabidi Saharia aulize njia kwa mabaharia wa kisiwa cha Buton. Walipofika karibu na Dobo chombo kilikuwa ndiyo kwanza kimeondoka, kwa hiyo nyumba ikageuka, ikafuata.

Siku mbili za kwanza Sangkala aliendesha chombo kana kwamba nyuma hakuna kitu. Upepo ulikuwa wa kusini-mashariki, mzuri. Maisha yaliendelea kama yanavyoendelea katika safari yoyote ya kurudi. Walifua maji mara nne kwa siku. Walishona tanga mahali lilipokwaruzwa na mlingoti. Magunia ya majongoo bahari yaliyokaushwa yalianikwa upya yasipate ukungu, na chombo chote kikanuka kama kawaida yake. Walikula mahindi na samaki, kesho yake samaki na mahindi. Waliswali kwa zamu juu ya turubai dogo, na Tamrin alikuwa akilalamika kwamba kila akisujudu chombo kinainamia upande wa paji lake.

Tofauti ilikuwa ndogo ndogo. Jogoo wa nyumbani aliwika alfajiri, nao wakaacha kubishana kuhusu saa. Upepo ukitulia, redio ya betri ya Bi Bondeng ilisikika, wakapata habari za dunia na bei ya mchele wa Makassar. Moshi wa jikoni mwa Saharia uliwafikia ukiwa na harufu ya kitunguu, kitu ambacho Tamrin alikimaliza tangu bandari ya kwanza.

"Mimi sisemi kitu," Tamrin akasema siku ya tano, akipakua. "Ila mtu akila mahindi haya huku ananusa vile vitunguu, ni dhambi ya nani?"

"Funga domo, pakua," Sangkala akasema.

Siku hiyohiyo Rabaking akashusha kihori bila kuomba ruhusa. Alipiga makasia moja kwa moja hadi kwenye ngazi, na nyumba haikumkimbia. Akafunga kamba kwenye kipago cha nne, akapanda, akavua kofia. Sangkala alimtazama kwa darubini kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alimwona anakaa. Alimwona anapewa kahawa, anakunywa, anapewa ya pili. Aliona Saharia akicheka, akiziba mdomo kwa ncha ya mtandio kama anavyofanya kila siku. Kucheka kwenyewe hakukusikika, na hilo lilimuumiza zaidi, kwa sababu asingeweza kujua kilichochekesha.

Rabaking alirudi na vitunguu tisa, wali wa kunata uliofungwa kwenye jani la mgomba, na shati lake likiwa limeshonwa begani.

"Mlikuwa mnacheka nini?" Sangkala akauliza.

"Mama mkwe wako amesema amekuja mpaka huku hajaona hata mti mmoja. Anauliza ninyi mkitaka kujificha jua mnajificha wapi."

"Hilo ndilo la kuchekesha?"

"Ukilisikia kwa mdomo wake."

"Na Saharia kasema nini?"

Rabaking akamenya kitunguu kwa kidole gumba. "Kasema, kumbe ndiko anakokwenda miezi yote. Kumbe ni maji tu."

Kesho yake Sangkala alinyoa ndevu, akavaa shati la Ijumaa, akashusha kihori mwenyewe. Kipande kilikuwa kiunoni. Alipiga makasia kwa nguvu, na kila alipogeuka kuangalia nyumba ilikuwa palepale, pima mia mbili. Aliongeza nguvu. Kihori kilikwenda, nyumba nayo ikarudi nyuma taratibu, bila haraka, nguo zikiwa zimeanikwa. Saharia alikuwa amesimama barazani ameshika nguzo. Hakumpungia mkono, wala hakuingia ndani. Alimtazama akija, na akija, na akija, mpaka chombo kilipokuwa kidogo upande wa pili na Rabaking akapuliza kombe kumwita. Sangkala akageuza kihori. Alipogeuka tu, nyumba ikaanza kumfuata.

Alipopanda chomboni viganja vyake vilikuwa vimechubuka. Tamrin alimletea mafuta ya nazi kwenye kifuu.

Tangu hapo mabaharia walikwenda kwenye nyumba kama watu wanavyokwenda dukani. Walipeleka samaki, wakarudi na mahindi yaliyotwangwa. Walipeleka nguo zilizochanika. Mmoja alikuwa na jipu, likakandwa. Walianza kuchana nywele. Walianza kufunga vifungo vyote. Rabaking, ambaye zamu yake iliisha baada ya alasiri, alikuwa akimweleza Saharia jinsi ya kujua mkondo kwa rangi ya maji, na siku moja Saharia alisimama barazani akapaza sauti kuwaonya kwamba upande wa kulia maji yamegeuka kijani. Walipima kina kwa bildi wakakuta mwamba. Walikwepa. Sangkala hakumshukuru. Alikaa akijiuliza ni mara ngapi mtu anapaswa kufundishwa hadi ajue vile.

Kisha ikaja saruni.

Wanawake wa Bira hufuma chini ya nyumba, kivulini, lakini chini ya nyumba hii sasa kulikuwa na bahari, kwa hiyo Saharia alikuwa amepandisha kitanda cha kufumia barazani. Kila asubuhi aliketi, akajifunga ule mkanda wa mgongoni, akaanza. Mlio wa ubao wake wa kufumia ulifika hadi kwenye chombo, tak, tak, kimya, tak. Kwa darubini Sangkala aliweza kuhesabu mistari. Ilikuwa saruni ya kiume, hilo lilionekana kwa upana wake. Ilikuwa nyeusi yenye mistari ya kijani. Sangkala hakuwahi kuvaa kijani. Zote alizofumiwa na mkewe katika miaka tisa ya ndoa zilikuwa za bluu au za rangi ya zabibu.

Alimvumilia Rabaking siku mbili, ya tatu akamwuliza, akitazama pembeni kana kwamba anauliza habari za hewa.

"Ile saruni ni ya nani?"

"Ipi?"

"Rabaking. Usinichezee."

"Sijui, kaka. Nimwulize?"

"Usimwulize. Ujue tu."

"Nijueje bila kumwuliza? Niwe mchawi?"

Siku iliyofuata Sangkala alipiga marufuku kutazama nyuma. Alisema baharia anatazama anakokwenda. Agizo lilidumu siku moja na nusu. Kamba ya kuvulia huburutwa nyuma, na kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kuitazama, samaki mkubwa alinasa, akavuta kamba yote, akaondoka nayo pamoja na kigingi. Siku hiyo walikula mahindi matupu. Jioni yake Tamrin alitazama nyuma waziwazi, mikono kiunoni, na nahodha akajifanya hakumwona.

Siku ya kumi na moja chombo cha watu wa Buton kiliwapita kikielekea mashariki. Kilipoifikia nyumba kilitua tanga. Nahodha wake, mwanamume mrefu mwenye kilemba, alipanda ngazi na watu wawili, wakakaa, wakanywa kahawa, wakamwachia Bi Bondeng mkungu wa ndizi. Yalikuwa mazoea ya bahari tu, yule ndiye aliyewaelekeza njia penye Banda. Walikaa muda mfupi. Sangkala hata hivyo alikuwa tayari amevunja pete moja ya darubini kwa kuikamata mno.

"Yule nani?"

"Mtu wa Buton," Rabaking akasema.

"Naona ni wa Buton! Anataka nini?"

"Alitaka kahawa, kaka. Ameipata, kaenda zake. Wewe unavuka bahari mara ngapi ukanywa kahawa kwa watu? Kule Dobo ulipokunywa kwa yule mama wa duka la nyavu, mumewe alikuja na panga?"

"Si sawa."

"Si sawa vipi?"

Sangkala akapangusa kioo cha darubini. "Yeye anakaa nyumbani," akasema.

Rabaking akaitazama nyumba, ambayo ilikuwa inakata mawimbi katikati ya bahari ya Banda, jogoo amejikunja juu ya paa kwa sababu ya upepo. "Haya," akasema.

Siku ya kumi na tatu upepo ulikufa. Walikuwa kusini ya Buton, siku mbili kutoka Bira kama kungekuwa na upepo, na hakukuwa nao. Matanga yalining'inia. Bahari ilikuwa laini hata nyumba iliweza kuonekana mara mbili, juu na chini. Chombo na nyumba vilikaa hivyo siku nne, vikielea pamoja na maganda ya ndizi za watu wa Buton.

Siku ya pili ya utulivu huo Bi Bondeng hakuonekana mlangoni. Redio haikufunguliwa. Rabaking alikwenda na pipa la maji, kwa sababu mitungi ya Saharia ilikuwa imebaki na unyevu tu, akakawia. Aliporudi hakuleta chakula wala shati lililoshonwa. Alifunga kihori, akaketi mbele ya Sangkala, magoti yakigusana.

"Mama mkwe wako anaumwa. Siyo homa. Anasema miguu yake imesahau ardhi, anataka kukanyaga udongo. Hali chakula, anakunywa maji tu. Shemeji amenipa ujumbe. Nikuambie kama alivyosema?"

"Sema."

"Amesema kipande kirudi. Kikirudi darini, nyumba itatangulia nyumbani yenyewe, haitangoja upepo. Anajua, kwa sababu kila siku anaisikia ikivuta kuelekea kwenye mawe yake, halafu wewe unaivuta huku."

"Nitakirudisha. Asimame basi! Nilikwenda, akanikimbia."

"Hakukukimbia yeye, nyumba ndiyo iliyokukimbia. Na hukwenda kurudisha kitu, ulikwenda umekificha tumboni. Kaka, unajua desturi kuliko mimi. Kipande hutoka mkononi mwa mtu mwingine kikaingia mkononi mwa mke. Mume hakigusi. Wewe umekigusa, basi huwezi kukirudisha wewe. Mpe mtu. Nipe mimi. Ukiniogopa mimi, mpe Tamrin, ana miaka sitini na hana meno."

"Ninayo manne," Tamrin akasema kutoka jikoni.

Sangkala alikuwa anatazama sitaha. "Na saruni?"

"Saruni nini tena, mama wa watu anaumwa!"

"Ya nani?"

Rabaking akapumua. "Nilimwuliza. Nilijua utauliza hata siku ya kiyama. Amesema ni ya yeyote atakayemletea kipande."

"Yeyote."

"Ni shukrani, Sangkala. Fundi naye alipewa saruni siku ile alipokileta, hukumbuki? Ya kijani vilevile. Ni desturi."

Hilo lilikuwa kweli. Sangkala alilikumbuka sasa, pamoja na fundi mwenyewe, mzee wa kijiji cha Ara, akiivaa hapohapo juu ya suruali. Kwa muda uso wake ulilegea. Alipeleka mkono kiunoni, akakitoa kipande. Mabaharia hawakuwa wamekiona tangu kilipokatwa. Kilikuwa kimekuwa cheusi na kung'aa kwa jasho la miezi minane, na ule upande uliokaa kwenye ngozi yake ulikuwa umepata umbo la ubavu wake.

"Kuna neno lingine amesema," Rabaking akasema kwa upole, kwa kuwa aliona mkono umeshafika nusu ya njia. "Amesema nikuambie kwamba yeye naye ana wivu. Amekaa nao miaka tisa. Kila ukiondoka anaiwaza Dobo, hajui Dobo ni kitu gani, anaiwaza hivyohivyo. Amesema, lakini mimi sijawahi kwenda kung'oa usukani wake nikaulalia."

Sangkala alisikia maneno yote. Baadaye, Bira, aliweza kuyarudia bila kukosea. Lakini wakati Rabaking anayasema, alikuwa ameanza kumtazama begani, pale shati liliposhonwa. Uzi ulikuwa mweusi na wa kijani. Mishono ilikuwa midogo, yenye subira, kama ya mtu aliyekuwa na nafasi na hakuwa na haraka ya kumaliza. Akatazama nywele za Rabaking, zilizochanwa kwa maji. Akatazama mkono wake uliokunjuliwa kupokea. Ulikuwa mkono safi, kucha zimekatwa.

Akakirudisha kipande kiunoni, akafunga saruni juu yake mara mbili.

"Nitafikiri," akasema.

Rabaking alibaki amenyoosha mkono kwa muda, kisha akautumia kujikuna goti. "Basi mtoe bibi," akasema. "Angalau bibi."

Bi Bondeng alishushwa kwa blanketi mpaka kwenye kihori, akapandishwa chomboni, akalazwa kivulini juu ya magunia ya majongoo bahari. Alipomwona Sangkala alimshika kidevu kama mtoto. "Mkwe wangu umekonda," akasema. "Kitu gani kinakula huko tumboni?" Hakungoja jibu. Aliomba udongo, nao hawakuwa nao, isipokuwa ule mchanga wa jikoni ambao Tamrin huwashia moto juu yake. Tamrin alisubiri upoe, akaumwaga kwenye sinia, bibi akaweka miguu yake ndani. Jioni alikula wali kidogo.

Saharia hakushuka. Rabaking alimbembeleza, akasema chombo kina nafasi. Alijibu kwamba nyumba alijengewa na baba yake, kila nguzo anajua ilitoka mti gani, na hawezi kuiacha baharini kama kifuu. Akaendelea kufuma.

Siku ya kumi na saba upepo ulirudi, na siku ya kumi na tisa, saa nne asubuhi, wakatia nanga Bira. Watu walikuwa wameshajua. Mahali pa nyumba palikuwa na mawe tisa na mbuzi wawili waliolala. Nyumba yenyewe ilisimama pima mia mbili kutoka kwenye chombo, nje kidogo ya mwamba, na Sangkala aliposhuka ufukweni akatembea kwenda kijijini, nayo ikasogea kidogo kufuata, mpaka nguzo za mbele zikagusa mchanga wa chini. Hapo ikakaa.

Imamu alizungumza naye. Fundi wa Ara, ambaye sasa alikuwa haoni vizuri, alikuja kwa miguu saa tatu nzima, akasema yeye ndiye aliyekipeleka mara ya kwanza, na yuko tayari kukipeleka mara ya pili, na saruni ya kwanza imechakaa. Sangkala alimpikia kuku. Alimsikiliza kwa adabu yote. Aliuliza kama fundi atakwenda peke yake au atapigiwa makasia, na kama atapigiwa, na nani. Alipoambiwa ni Rabaking, alisema wangoje kwanza mwezi upite. Mwezi ulipita.

Maisha yalijipanga. Bi Bondeng alihamia kwa binti yake mdogo, karibu na kisima, akapona kabisa. Wanawake walikwenda kwa Saharia asubuhi na nyuzi zao, kwa kuwa barazani kwake kulikuwa na upepo kuliko chini ya nyumba zao, na baadhi walisema hawajawahi kufuma vizuri hivyo. Watoto walijifunza kuogelea wakitumwa kwake. Kombe na chaza viliota kwenye nguzo, vikavunwa kila wiki ya bamvua, maji yakikupwa sana. Saharia alimaliza ile saruni ya kijani, akaikunja, akaanza nyingine.

Sangkala alijenga kibanda cha makuti ufukweni, mlango ukitazama bahari. Kila kihori kilichorudi kilimkuta amesimama kwenye maji hadi magotini.

"Nani alikuwepo?" alikuwa akiuliza.

Walimtajia. Walitaja wote bila kuficha, kwa sababu hakukuwa na cha kuficha: mdogo wake Saharia, mke wa imamu, mwalimu aliyekwenda kupima saruni ya harusi, watoto wa Rabaking. Sangkala alisikiliza kila jina, akalirudia polepole.

"Mwalimu alikaa sana?"

"Alikaa kama watu wanavyokaa, Nahodha."

Upepo ulipogeuka kuwa wa magharibi, chombo kilishapakwa chokaa, nyufa zimezibwa kwa kalafati, na mchele umepakiwa. Waliondoka Jumatatu asubuhi kuelekea mashariki. Kijiji kizima kilikuwa ufukweni kuwaaga. Walipokaribia kuupita mwamba, nyumba ilitikisika, ikanyanyua nguzo zake mchangani moja baada ya nyingine, tisa, ikageuka. Wanawake walikimbia kuondoa nyavu zilizokuwa njiani. Saharia alikuwa ameshaanua nguo na kumfungia jogoo ndani.

"Saharia!" mke wa imamu akapaza sauti, viganja mdomoni. "Dobo kuna vile vikombe vya bluu! Niletee sita!"

"Sita au dazeni?"

"Sita! Na uangalie visiwe na ufa!"

"Mimi uniletee dawa ya meno!" mwingine akasema.

"Na mafuta ya mkaratusi, ya mgongo wa mama!"

"Andikeni!" Saharia akajibu, akicheka, mtandio mdomoni. "Nitasahau mimi! Nani ana kalamu?"

Rabaking alishika usukani. Sangkala alisimama nyuma ya chombo na darubini, mkono mmoja kiunoni, akitazama midomo ya mkewe ikitembea.

"Anamwuliza nani kalamu?" akasema.

"Wote," Rabaking akasema. "Anawauliza wote."

Sangkala akarekebisha darubini.

"Lakini nani atakayempa?"